Homoni na Majira ya Ukuaji wa Taya

Taya la chini la binadamu halikui kwa mwendo mmoja tangu utotoni hadi utu uzima. Kwa miaka mingi huongezeka taratibu, kisha balehe ikiingia hurefuka kwa kasi kwa muda wa mwaka mmoja au miwili, halafu kasi hiyo hushuka na mwishowe mfupa hutulia. Taya la juu hukamilisha sehemu kubwa ya ukuaji wake mapema zaidi. Ndiyo maana mtoto wa miaka 9 mwenye kidevu kidogo anaweza kuwa na sura nyingine kabisa akifika miaka 17. Daktari wa kupanga meno hana shaka kwamba taya litakua. Anachotafuta ni kujua kama majira ya kasi bado hayajafika, yamefika, au yamekwisha kupita.

Tiba nyingi za taya hutegemea jibu hilo. Mtoto ambaye taya lake la chini limebaki nyuma, meno ya juu yakachomoza, huweza kuvishwa kifaa kinacholisukuma taya la chini mbele kila anapofunga kinywa. Mjerumani Emil Herbst alibuni kifaa cha namna hiyo mapema katika karne ya 20. Twin Block, ambacho leo hutumika sana, kilibuniwa na William Clark wa Scotland mwaka 1977. Vifaa hivi huhitaji taya linalokua. Mtoto akivishwa mapema mno huchoka navyo kabla kasi haijafika, na akivishwa kwa kuchelewa husogea meno tu, mfupa ukabaki ulipo. Kwa mtoto ambaye taya la chini limelitangulia la juu, hesabu hugeuka: taya la juu huvutwa mbele mapema, kwa kawaida kabla ya miaka 10, kwa kifaa kinachovaliwa usoni, lakini upasuaji ukihitajika husubiri hadi taya la chini liache kabisa kukua.

Umri ulioandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa hausaidii sana. Katika darasa moja la Gredi ya 7 mjini Molo, Kenya, wanaweza kuketi wavulana wawili wa miaka 13, mmoja sauti imekwisha kuwa nzito na suruali ya sare aliyonunuliwa Januari imepanda juu ya kifundo cha mguu ifikapo Agosti, mwingine bado ana umbo la mtoto wa Gredi ya 4. Kwa wastani wasichana hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka 12 hivi na wavulana 14, lakini kuwahi au kuchelewa kwa miaka miwili ni jambo la kawaida. Daktari anayeanza tiba kwa kuangalia umri peke yake atakosea kwa watoto wengi, na gharama ya kosa hilo humwangukia mzazi aliyelipa nauli ya kwenda Nakuru mwezi baada ya mwezi.

Majira hayo yanaweza kukisiwa kwa kupima homoni, lakini kabla ya hapo sharti itenganishwe kasoro ya taya na kasoro ya meno. Utafiti wa Peter Ng'ang'a na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 ulichunguza watoto 919 wa Nairobi wenye miaka 13 hadi 15, ukakuta asilimia 72 wana kasoro ya aina fulani katika mpangilio wa meno. Zilizoongoza zilikuwa meno kubanana na meno kujipinda mahali pake, asilimia 19 kila moja. Meno ya juu kuchomoza yalikuwa asilimia 10. Aliyebanana meno huku mataya yake yakiwa sawa hana haja ya kutabiriwa ukuaji. Bonde la Ufa lina pia sababu zake: katika jamii kadhaa meno ya mbele ya chini yaling'olewa kwa desturi, na mahali pengine watoto wachanga huchimbwa ufizi kutolewa vichipukizi vya chonge kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Nafasi iliyovurugwa hivyo haitafutiwi jibu kwenye damu.

Anayebaki baada ya mchujo huo ndiye anayehusika na homoni. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya ukuaji kwa vipindi, hasa usiku mtoto akiwa usingizini. Homoni hiyo haidumu: nusu yake hutoweka katika damu kwa muda wa dakika 20 hivi, kwa hiyo kuipima mara moja asubuhi kliniki hakuelezi lolote la maana. Lakini ikifika kwenye ini huamsha kutengenezwa kwa kemikali ya pili, inayofanana kwa umbo na insulini, ambayo madaktari huiita IGF-1. Kemikali hii imejengwa kwa asidi amino 70, na muundo wake ulichapishwa mwaka 1978 na Ernst Rinderknecht na René Humbel wa Zürich. Ikiwa imebebwa na protini zake hukaa katika damu saa nyingi, na kiwango cha asubuhi hakiachani sana na cha jioni. Utulivu huo ndio ulioifanya IGF-1 ifae kuwa kiashiria.

Kazi yenyewe hufanyika mbele kidogo ya sikio, pale taya la chini linapoungana na fuvu. Kichwa cha mfupa huo kimefunikwa na gegedu. IGF-1 huchochea seli za gegedu zigawanyike na kuvimba, kisha mfupa hujengwa mahali pake, na taya zima husukumwa mbele na chini. Homoni za jinsia huongeza nguvu kwa kuifanya pituitari itoe homoni zaidi ya ukuaji. Baadaye estrojeni, kwa wasichana na wavulana vilevile, ndiyo hufunga sehemu za kukulia za mifupa mirefu. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1994 ilipochapishwa taarifa ya mwanamume wa miaka 28 nchini Marekani aliyekuwa bado anarefuka kwa sababu mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Gegedu la taya halifungwi kwa namna ileile. Mtu mzima mwenye uvimbe wa pituitari unaomwaga homoni ya ukuaji harefuki tena kimo, ila taya lake la chini huweza kuanza upya kukua, meno yakaachana na kidevu kikajitokeza.

Njia za zamani za kukisia majira ya ukuaji bado zinafanya kazi. Ya kwanza ni kimo. Mtoto anayepimwa kila baada ya miezi mitatu, bila viatu, kwenye ukuta uleule, hujionyesha mwenyewe anapoanza kuongeza kasi, na ukuaji wa taya huandamana na ukuaji wa kimo au huufuata kwa karibu. Kwa msichana, hedhi ya kwanza kwa kawaida huja mwaka mmoja hivi baada ya kilele cha kurefuka. Aliyekwisha kuvunja ungo amekwisha kupita kasi kubwa. Njia ya pili ni eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono, ambayo husomwa kwa kulinganishwa na atlasi ya William Greulich na Idell Pyle iliyotoka mwaka 1950. Mashabiki wa kandanda wanaijua mifupa hiyohiyo kwa sababu nyingine: kwenye Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17, lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA ilitumia picha za MRI za kifundo cha mkono kuwakagua wachezaji waliozidi umri.

Atlasi hiyo ilitokana na watoto wa Cleveland, Ohio, wengi wao Wazungu wa familia zenye uwezo. Mwaka 1952 daktari D. H. Mackay alichapisha uchunguzi wake wa mifupa ya mikono ya watoto wa Afrika Mashariki na kuonyesha kwamba ukomavu wake ulikuwa nyuma ya ule wa watoto wa Marekani wa umri uleule. Tahadhari hiyo ina zaidi ya miaka 70, na inahitaji kukumbukwa kila kipimo kipya kinapoletwa na jedwali lililoandaliwa mbali.

Njia ya tatu husoma pingili za shingo. Daktari wa kupanga meno huwa amekwisha piga eksirei ya kichwa kwa ubavu ili apime mataya, na katika picha hiyohiyo pingili ya pili, ya tatu na ya nne huonekana wazi. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, kingo za chini za pingili hizo ni bapa. Kadiri balehe inavyokaribia, ukingo wa pingili ya pili huanza kubonyea kwa ndani, kisha wa ya tatu, halafu wa ya nne. Wakati huohuo miili ya pingili hubadilika kutoka umbo la kabari kuwa mstatili uliolala, baadaye mraba, na mwishowe mstatili uliosimama. Tiziano Baccetti, Lorenzo Franchi na James McNamara waligawa mabadiliko hayo katika hatua sita, na kuonyesha kwamba kilele cha ukuaji wa taya la chini huangukia kati ya hatua ya tatu na ya nne. Mtoto haongezewi mionzi yoyote. Shida ni macho ya wasomaji. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi ambamo madaktari 10 wa kupanga meno walisoma picha zilezile: walikubaliana chini ya nusu ya mara, na hata daktari mmoja aliporudia picha zake mwenyewe alilingana na jibu lake la awali kwa asilimia 62 tu.

Kutokuelewana huko ndiko kulikowasukuma watafiti kwenye damu, kwa kuwa tarakimu ya maabara haitegemei jicho la mtu. Mwaka 2008 Mohamed Masoud na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 83 waliochomwa kidole na kupimwa IGF-1, kisha hatua za pingili zao za shingo zikasomwa. Kiwango kilikuwa chini kwa ambao hawajabalehe, kikapanda balehe ilipoanza, kikafikia kilele balehe ilipokolea, kisha kikashuka kadiri miaka ilivyosonga. Kwa tarakimu za jumla, mtoto asiyebalehe huwa na nanogramu mia moja na zaidi kidogo kwa kila mililita ya damu. Kwenye kilele huweza kupita 400. Utu uzimani hurudi chini.

Hapa pana jambo linalosahaulika kwa urahisi. Anders Juul na wenzake wa Denmark walipopima watu 1,030 wenye afya, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994, kilele cha IGF-1 kilionekana kwenye miaka 14.5 kwa wasichana na 15.5 kwa wavulana. Umri huo ni wa kuchelewa kuliko ule wa kilele cha kurefuka kwa kimo. Homoni hubaki juu mifupa ikiwa imekwisha kupunguza mwendo. Daktari anayesubiri tarakimu kubwa kabisa ndipo aanze tiba anaweza kulikuta taya limekwisha maliza sehemu nzuri ya safari. Chenye thamani ni kupanda kwenyewe: kipimo cha kwanza kikiwa chini, cha pili baada ya miezi sita kikawa kimeruka, na kimo kikawa kimeongeza kasi katika muda huohuo. Kipimo kimoja peke yake hakiwezi kusema kama mtoto anapanda au anashuka, maana nanogramu 300 hupatikana pande zote mbili za kilele.

Vipo pia viashiria visivyohitaji sindano. Kikundi cha Giuseppe Perinetti nchini Italia kiliripoti mwaka 2007 kwamba kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ya alkali, kinachotolewa na seli zinazojenga mfupa, huongezeka karibu maradufu katika majimaji yanayochuruzika kati ya jino na ufizi wakati wa hatua ya tatu na ya nne za shingo. Kijikaratasi chembamba huchomekwa ukingoni mwa ufizi kwa nusu dakika, kikatolewa na kupimwa. Kasoro yake ni kwamba ufizi wenye uvimbe nao hupandisha kimeng'enya hichohicho, na watoto wengi wanaofika kliniki wana utando kwenye meno na ufizi unaovuja damu. Sharti meno yasafishwe na ufizi upone kwanza. Mate nayo yamejaribiwa, lakini IGF-1 iliyomo ni sehemu ndogo mno ya ile ya damu, na chembe ya damu kutoka kwenye ufizi hutosha kuharibu hesabu.

Udhaifu mkubwa wa IGF-1 ni kwamba husema habari za mwili mzima, si za taya peke yake. Ini la mtoto asiyepata chakula cha kutosha, hasa protini, hutengeneza kidogo hata kama pituitari inamwaga homoni kwa wingi. Watafiti wa Cape Town walionyesha hali hiyo kwa watoto wenye utapiamlo mwaka 1973. Nchini Kenya utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Molo ni nchi ya viazi, kabeji, maziwa na kondoo, ila chakula kinachopelekwa sokoni hakimaanishi kwamba kimebaki sahanini nyumbani. Tarakimu ya chini kwa mvulana wa miaka 14 aliyekonda huweza kuwa habari ya lishe, na daktari wa meno anayeisoma kama dalili ya balehe iliyochelewa atakuwa amepitwa na mgonjwa aliye mbele yake.

Magonjwa nayo hutikisa kipimo. Kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa ini na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo vyote hushusha IGF-1. Selimundu, ugonjwa unaowapata zaidi watoto ambao familia zao zilitoka magharibi mwa Kenya na sasa zinaishi miji yote ya kaunti ya Nakuru, huchelewesha balehe na papo hapo hupanua uboho wa taya la juu hadi meno yakachomoza. Mtoto kama huyo ana kasoro ya mataya na balehe iliyochelewa kwa sababu moja, na tiba yake huanza kwa daktari wa damu.

Hata damu yenye IGF-1 ya kutosha haihakikishi ukuaji. Seli za watu wa jamii ya Waefe, watu wa kimo kifupi wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, zilipochunguzwa maabara katika kazi iliyochapishwa mwaka 1996, zilionekana haziiitikii IGF-1 kama seli za watu wengine. Kiashiria hupima ujumbe uliotumwa. Namna seli zinavyoupokea ni jambo la kurithi linalotofautiana kati ya watu na watu.

Tena homoni haisemi taya litaongeza milimita ngapi wala litaelekea wapi. Arne Björk wa Copenhagen, kuanzia miaka ya 1950, aliweka pini ndogo za chuma ndani ya mataya ya watoto na kuzifuatilia kwa eksirei miaka mingi. Aligundua kwamba taya la chini huzunguka likikua: kwa wengine huelekea mbele na kidevu kikajitokeza, kwa wengine huelekea chini na uso ukarefuka. Watoto wawili wenye IGF-1 sawa wanaweza kuishia na nyuso zisizofanana hata kidogo. Na mfupa unaopatikana kwa msaada wa kifaa, hata wakati ukiwa umechaguliwa vizuri, ni milimita chache. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2013 yalikuta kwamba kuanza tiba ya meno yaliyochomoza mapema, kabla ya ujana, hakumpi mtoto taya bora kuliko kungoja. Faida iliyoonekana ni kupungua kwa ajali za kuvunja meno ya mbele. Hiyo si faida ndogo kwa mtoto anayecheza kwenye uwanja wa mawe, lakini ni sababu nyingine ya kuanza tiba, isiyohitaji kipimo cha homoni.

Kwa mji kama Molo, ulio kwenye miinuko ya Mau kwa kimo cha mita 2,500 hivi, njia ya kusafirisha sampuli ipo tayari. Watoto wachanga wanaozaliwa na mama wenye virusi vya ukimwi wamekuwa wakipimwa kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, ambayo husafirishwa hadi maabara za Kericho, Eldoret, Kisumu na Nairobi. IGF-1 hupimika kwa namna hiyohiyo. Kidole huchomwa pembeni, tone la kwanza hufutwa, na matone yanayofuata huachwa yaenee yenyewe hadi yajaze duara zilizochorwa, bila kubanwa wala kuongezwa juu yake. Karatasi hulazwa bapa, mbali na jua na jiko, ikauke kwa saa kadhaa. Katika ukungu na baridi ya Julai ya Molo ni salama zaidi kuiacha usiku kucha. Kisha hufungwa pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu. Sampuli iliyofungwa mbichi huoza njiani.

Ufasiri wa majibu una watu wake pia. Tangu 2008 Nairobi imekuwa na kituo cha kuwafunza madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi nyingi za Afrika, kinachojulikana kama PETCA, na wengi wa wahitimu wake walirudi kufanya kazi makwao. Daktari wa meno aliyepata tarakimu isiyolingana na umbo la mtoto ana mtu wa kumwuliza. Kinachohitajika zaidi ni viwango vya watoto wa hapa, waliopimwa wakiwa na afya, kwa umri na kwa hatua ya balehe, kwa sababu jedwali la Copenhagen au Boston halikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa Elburgon au Keringet. Kwa sasa mtoto alinganishwe na nafsi yake: kitabu cha kimo kianzishwe siku ya kwanza anapofika kliniki, pingili zisomwe kwenye picha ambayo ingepigwa vyovyote vile, na damu ipimwe mara mbili pale tu majibu ya kimo na shingo yanapogongana.

Hoja ya kuepuka mionzi, ambayo hutajwa mara nyingi kutetea vipimo vya homoni, haina uzito sana. Eksirei ya kiganja humpa mtoto mionzi isiyofika hata ile anayoipata kwa siku moja kutoka kwenye ardhi na anga, na ya kichwa hukaribia ya siku moja. Faida ya kweli ya homoni ni kwamba inaweza kurudiwa mara nyingi, na faida hiyo huonekana zaidi mwishoni mwa ukuaji kuliko mwanzoni.

Kijana wa miaka 17 ambaye taya lake la chini limetangulia, anayesubiri upasuaji, hana njia ya kujua kwa kujitazama kwenye kioo kama mfupa umetulia. Pingili za shingo zikifika hatua ya sita hazibadiliki tena kwa namna ya kusomeka, na kiganja nacho huwa kimekwisha kufunga, ilhali taya la mvulana huweza kuendelea kuongezeka polepole hadi miaka ya ishirini ya mwanzo. IGF-1 inayoshuka kipimo baada ya kipimo na kutulia kwenye kiwango cha mtu mzima ni ushahidi mzuri kwamba mwisho umekaribia. Ikikataa kushuka huku taya likizidi kwenda mbele, mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa homoni kuchunguzwa pituitari kabla mtu yeyote hajashika kisu. Ikishuka, bado hupigwa picha mbili za kichwa kwa ubavu, zikiachana kwa miezi sita hadi mwaka, na ya pili huwekwa juu ya ya kwanza. Mistari ya taya ikilalia mahali pamoja, tarehe ya upasuaji hupangwa.